Joto Ndilo Linalomaliza Tokeni
(Mhadhara kwa wapangaji na wenye ploti, Bondeni, Nakuru)

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana, hamjambo. Nashukuru kwamba mmeacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi nami. Mimi ni fundi wa stima, na kazi hii imeniingiza katika nyumba nyingi za mji huu, kuanzia Kaptembwo na Langa Langa hadi Section 58. Kila ninapobisha hodi, hata kabla sijafungua begi la vifaa, naulizwa: "Fundi, hii mita kweli haituibii?" Leo nataka tulijibu swali hilo kwa hesabu, kwa sababu inaniuma kuona watu wakijinyima mahali pasipofaa. Naona mama akizima taa watoto wakiwa bado wanasoma, na huko bafuni maji ya moto yanateremka robo saa nzima.

Tuanze na yuniti yenyewe, ile tunayoinunua kwa tokeni. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, basi. Balbu ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 100 kabla ya kumaliza yuniti hiyo. Pasi ya wati 1,000 ikiwa inapasha mfululizo itaimaliza kwa saa moja. Sasa njooni kwenye shawa ya moto, ile inayofungwa juu ya kichwa. Nyingi ninazozifunga ni za wati 4,500 hivi, na nyingine zinapita hapo. Mtu akioga dakika 10, ameondoka na robo tatu ya yuniti. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akioga mara moja kwa siku, ni yuniti 3 na robo tatu. Zidisheni kwa siku 30. Ni zaidi ya yuniti 112 kwa mwezi, na bado hatujawasha taa wala kuchemsha chai.

Ndiyo maana nasema joto ndilo linalokula. Kitu chochote kinachotoa joto kwa stima, iwe shawa, pasi, birika la umeme au jiko la koili, kiangalieni kwanza. Chaja ya simu iacheni. Simu moja ikijazwa kila siku mwezi mzima haifikishi hata yuniti moja, na nimeona wapangaji wakigombana juu ya simu hadi wanaacha kusalimiana.

Hapa nina jambo linalonigusa kama mtu wa Nakuru. Kaunti yetu ndiyo yenye Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha stima tangu 1981. Juu yetu hapa kuna mlima wa Menengai, nako mvuke unatolewa. Fikirieni safari hiyo: joto linatoka ardhini, linazungusha mitambo, na sehemu kubwa yake inapotea hapo hapo. Kidogo kinachobaki kinakuwa stima, kinasafiri kwenye nyaya, kisha sisi tunakirudisha kuwa joto ili tuoge. Kule Menengai yamefanywa majaribio ya kutumia joto lenyewe moja kwa moja, kutibu maziwa kwa joto na kufua nguo, na mimi naona hiyo ndiyo akili. Sisi nyumbani hatuna mvuke, lakini jua tunalo. Mji huu uko juu, asubuhi maji ya bomba yanauma mifupa, lakini saa nane mchana jua linachoma. Mtungi mweusi wa plastiki wa lita 20 ukiachwa juani tangu asubuhi unatoa maji ya uvuguvugu jioni, na watoto wakaogeshwa bila kugusa swichi. Mwenye nyumba aliye na uwezo, afunge hita ya jua juu ya paa.

Mtaniuliza, je, tuchemshe kwa gesi? Kwa maji ya kuoga, sioni kama kuna akiba ya maana, kwa sababu gesi nayo inanunuliwa na joto jingi linapita kando ya sufuria. Akiba iko kwenye wingi wa maji. Shawa ya dakika 10 inamwaga lita 30 hivi. Ukioga kwa ndoo, lita 15 zinakutosha, na umekata gharama nusu. Kama ni lazima iwe shawa, iweke kwenye joto la chini, na uifunge unapojipaka sabuni.

Sasa bei. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Kila fungu lina bei yake, na la juu ndilo ghali. Fungu lako linatokana na wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo mwezi mmoja wa kujibana hautoshi, lazima uvumilie. Juu ya bei hiyo kuna gharama ya mafuta ya kuzalisha stima na ya ubadilishaji wa fedha za kigeni, ambazo hupanda na kushuka kila mwezi, halafu ushuru, pamoja na VAT ya asilimia 16. Ndiyo sababu shilingi 500 zilezile za M-Pesa huleta yuniti chache mwezi huu kuliko mwezi uliopita. Mita haijaiba.

Lakini kuna watu wanaoumizwa na mafungu haya bila kosa lao, na hili nataka wenye ploti mlisikilize kwa moyo. Chukueni ploti ya vyumba 10 kwenye mita moja. Kila mpangaji ana vitu vichache tu, anatumia yuniti 20 kwa mwezi. Angekuwa na mita yake, angekuwa kwenye fungu la chini kabisa. Lakini kwa pamoja ni yuniti 200, na wote wanalipa bei ya juu, maskini wa Mungu, kama mtu mwenye jumba. Zile mita ndogo mnazofunga milangoni zinasaidia kugawana bili, lakini hazibadilishi fungu, maana kampuni ya stima inaiona mita moja tu. Kuomba mita tofauti kuna gharama, najua. Kaeni na wapangaji wenu mpige hesabu, kwa sababu hii si haki kwa mfanyakazi wa kibarua.

Taa ya nje nayo msiisahau. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka usiku mzima, saa 12, inakula zaidi ya yuniti 21 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula 3 na kidogo. Na githeri: jiko la koili la wati 1,500 likiwaka kwa saa mbili ni yuniti 3. Loweka mahindi na maharagwe usiku, upike kwa sufuria ya presha ya umeme, na hutafika yuniti moja. Ndugu zetu wa Kisumu hawaihitaji sana shawa ya moto. Lao ni friji inayohangaika na joto la ziwa. Raba ya mlango ikilegea, inaunguruma mchana na usiku. Bana karatasi mlangoni uivute: ikitoka bila kushikwa, badilisha raba.

Mwisho, jifunzeni kuisoma mita. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi. Kama ni 1000 imp/kWh, yaani mapepeso 1,000 kwa yuniti, kila pepeso ni wati moja kwa saa moja. Hesabu mapepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, umepata wati zinazotumika sasa hivi. Shawa itapepesa mara 75 kwa dakika. Friji inayofanya kazi, mara 2. Balbu ya LED peke yake utaisubiri karibu dakika 7 ipepese mara moja. Chomoa kila kitu, zima kila swichi. Ikiendelea kupepesa, ama waya unavujisha ama kuna mtu amejiunga kwako. Hapo usiguse, ita fundi mwenye leseni.

Mita ya ukumbi huu iko pale nje kando ya mlango. Mama, wewe hapo mbele, njoo na simu yako utushikie dakika. Wengine tutahesabu.