Pachi ya USIFUTE na daftari la madeni

MUDI: Haya wapendwa, leo tulipanga mambo manne ya kutunza rekodi za gemu ya kompyuta yenye modi nyingi, zile nyongeza wanazotengeneza mashabiki, Salma kayaandika kabisa, ila kwanza nitoe la moyoni.

SALMA: Ile Skyrim?

MUDI: Ndo hiyo hiyo. Miezi minne sijaigusa, si unajua mambo ya mtoto, Jumanne usiku nikasema nifungue. Modi 312. Nakuta plagini moja ndogo, faili la modi linalosomwa na gemu, nimeipa jina USIFUTE, herufi kubwa, na sikumbuki ya nini. Nikaiangalia weee, nikasema hii itakuwa ya majaribio tu, nikafuta.

SALMA: Mudi!

MUDI: Nikifika lango la mji wa Riften gemu inajifunga. Nawasha tena, inajifunga. Saa tano mpaka saa nane usiku! Nakuja kufungua xEdit, ile programu ya kukagua plagini, ndo naona kuna modi mbili zinagusa kipande kimoja cha mji, moja inafuta navmeshi, ile ramani ya wapi wahusika wanaweza kukanyaga, nyingine inaitegemea. USIFUTE ilikuwa pachi yangu mwenyewe ya kuzipatanisha.

SALMA: Sasa si ungeandika sababu. Mi kwenye kaunta buku yangu kila modi ina mstari wake, nimeiweka lini, inagombana na ipi, kwa nini inakaa chini ya fulani. Ukurasa wa kwanza kabisa: gemu toleo 1.6.1170, SKSE, ile programu ya ziada ambayo modi nyingi zinaitegemea, toleo 2.2.6, maana hizo zisipoendana SKSE inagoma kuwasha.

MUDI: Yote hayo kwa kalamu?

SALMA: Kalamu ya bluu. Nimeyatoa kwa mama, alikuwa na duka Tandika. Wenzake kwenye daftari la madeni wanaandika jina na hela basi, yeye anaandika "Mama Rehema, sukari nusu, unga kilo mbili, mtoto katoka hospitali, asidaiwe mpaka mwisho wa mwezi." Siku moja kaniachia duka, nina miaka kumi na tatu, Mama Rehema huyo anakuja kukopa tena, nimeshajiandaa kumdai, nafungua daftari nasoma ule mstari, nikanyamaza, nikampimia na mafuta.

MUDI: Aisee. Bibi yangu yeye alikuwa anafunga fundo kwenye pembe ya khanga akitaka kukumbuka kitu. Kuna siku nimemkuta kalishika, analigeuza geuza, hajui alilifungia nini, na kulifungua hataki.

SALMA: Ndo USIFUTE yako hiyo.

MUDI: Kabisa. Ila kwenye kalamu hapana dada, hapo sikufuati. Mod Organizer 2, programu ninayopangia modi, inaweka modlist.txt na plugins.txt kwenye folda ya profaili, nanakili kwenye flashi nimemaliza. Mpangilio unabadilika kila siku, mkono utakosea.

SALMA: Orodha inakwambia kipi kiko wapi. Kwa nini kiko hapo haisemi.

MUDI: Ina sehemu ya maelezo kwa kila modi!

SALMA: Na uliandika nini humo?

MUDI: Sikuandika, lakini kosa ni kutoandika, siyo kukosa kalamu.

SALMA: Ungekuwa na daftari ungeandika. Mkono ukiandika unajiuliza hii modi naihitaji kweli.

MUDI: Na laptopu ikiwa Dar na daftari liko Moshi?

SALMA: Nasafiri nalo.

MUDI: Hapana bwana.

SALMA: Basi tubaki hivyo, mi sihami.

MUDI: Na mi sihami. Eh, zimebaki dakika mbili, yale manne?

SALMA: Hatujagusa hata moja. Niseme la plagini haraka, zile kamili mwisho 254, zile nyepesi za ESL hazili nafasi hizo, kwa hiyo kwenye rekodi yako zitenganishe, halafu ukitoa modi yenye skripti katikati ya sevu...

MUDI: Hilo halitoshi dakika moja, lije wiki ijayo. Mama Rehema alilipa?

SALMA: Alilipa. Mama kakata mstari kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "mtoto anaendelea vizuri."