Nani Alipima Unga? Dola ya Waajemi na Makarani Wake

Ndugu zangu, hili nimeshalisema kwenye mikutano mingi, na leo nalirudia: dola ya Uajemi haikudumu miaka 220 hivi kwa upanga peke yake. Upanga ulimfikisha Koreshi, mfalme wa Uajemi, Babeli mwaka 539 KK. Hayo mnayajua, na waliosoma Ezra wanayajua zaidi. Mimi nauliza jambo jingine. Kulipokucha, nani alipima unga?

Jibu liko kwenye udongo. Mwaka 1933 wachimbaji kutoka Chicago walikuta Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, si mbali na Shiraz ya leo nchini Iran, maelfu ya vibao vidogo vya udongo, vingine vinaenea kiganjani. Si mashairi wala sifa za mfalme. Ni hesabu za ghala za mwaka 509 hadi 493 KK, zama za mfalme Dario wa Kwanza, nyingi kwa Kielami, lugha ya kale ya huko. Fulani kapokea kiasi hiki, muhuri wa fulani. Parnaka, mkuu wa utawala ule, posho yake kwa siku ilikuwa kondoo 2, mvinyo kama lita 90 na unga kama lita 180. Mnacheka! Mnadhani alikula peke yake? Ni posho ya mkubwa na watu wake. Mtumishi aliyekuwa safarini alipata lita 1 hivi ya unga kwa siku. Na msafiri alibeba hati yenye muhuri, ndipo ghala za njiani zikampa chakula.

Hapa naomba nisiharakishwe. Mwanamke aliyejifungua mtoto wa kiume aliongezewa mvinyo au pombe kama lita 10. Aliyejifungua wa kike, lita 5. Huniuma kila nikisoma. Lakini tazameni: kibarua kajifungua, na karani ana habari! Niambieni ni mkuki gani ungefika huko.

Najua yuko atakayeinuka kusema, "Mbona Koreshi alitangaza haki za binadamu, si kuna ule mche duara wa udongo wenye maandishi yake uliopatikana Babeli mwaka 1879?" Jamani, usomeni wote. Ni mfalme mshindi anayejisifu kwamba Marduk, mungu wa Babeli, ndiye aliyemchagua. Kurudisha watu na miungu makwao lilikuwa jambo kubwa, silipunguzi. Lakini msimvike kanzu ya karne yetu.

Muda umenibana. Njia ya Kifalme ya Sardi hadi Susa, vituo 111 kwa hesabu ya Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, naiacha. Kodi za majimbo naziacha pia. Nimalizie na Alexander, mfalme wa Makedonia. Mnamsifu kwa kuiangusha dola hii, na Persepolis kweli aliiteketeza mwaka 330 KK. Lakini mwaka mmoja kabla, alipoingia Babeli, alimweka nani awe liwali? Mazaeus, mtu wa Dario wa Tatu, mfalme wa Uajemi aliyeshindwa; Mazaeus huyo huyo aliyetoka kupigana na Alexander kwenye vita vya Gaugamela.