Tuanzie kwenye sufuria ya maharage

Mazungumzo na wakazi wa mtaa mmoja wa Mbagala, Dar es Salaam

Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba na vijana, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme jinsi familia inavyoweza kuishi bila kuyamaliza mazingira. Mada hii ni pana. Nikitaka kuigusa yote, tutaondoka hapa na orodha ndefu ambayo kesho asubuhi hakuna atakayeikumbuka. Kwa hiyo leo sitoki jikoni, na humo jikoni nitakaa sana kwenye sufuria moja, ya maharage. Mnajua wenyewe: ugali ni dakika chache, mchicha ndio kabisa. Maharage na makande ndiyo yanayomaliza mkaa.

Mkaa unaoshushwa hapa mjini unatoka Pwani, Morogoro, Tanga, Lindi. Mwingi unachomwa kwenye tanuru la kufukiwa udongo, na kwa tanuru hilo kilo 1 ya mkaa hudai kilo 5 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo kila kopo unalookoa hapa Mbagala linaokoa mzigo mkubwa zaidi kule porini. Hii ndiyo sababu nasema hatua ndogo ya jikoni si ndogo.

Simlaumu anayenunua mkaa wa kopo. Mtu anayepata riziki ya siku hununua vya siku. Kujaza mtungi wa gesi kunataka fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Naliunga mkono kwa moyo wote. Ila maharage ya wiki hii yatapikwa wiki hii, kwa jiko ulilonalo, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane.

Maji yakishachemka yamefika nyuzi 100. Hayapandi zaidi ya hapo, hata upalie mkaa mpaka jiko lijae. Sufuria inayotokota polepole na ile inayorusha mapovu mpaka mezani zina joto lilelile, na maharage yataiva kwa muda uleule. Unachoongeza kwa kuchochea moto ni mvuke. Na mvuke una gharama kubwa: joto linalohitajika kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka yote iwe mvuke ni karibu mara 7 ya joto lililoyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa mtungini hadi kuchemka. Sasa fikiria sufuria iliyo wazi, inatokota kwa nguvu, na kila mara mtu anaongeza maji ya baridi. Mkaa wako mwingi unapaa hewani.

Kwa hiyo, loweka maharage usiku. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya. Funika sufuria kwa mfuniko unaokaa vizuri, na kama mfuniko umepotea, sahani ya bati inatosha. Yakichemka, punguza makaa. Hakuna shilingi iliyotumika hapo.

Kuna hatua nyingine ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni kapu. Chukua kapu la ukindu au boksi gumu. Lizungushie ndani khanga kuukuu, shuka lililochakaa, mto wa sufi, au pumba kavu zilizoshonewa kwenye mfuko wa kitambaa. Liwe nene pande zote na chini, na libaki tundu la kuingia sufuria tu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kwa nguvu kama dakika 20, epua na mfuniko wake, futa masizi, ingiza kapuni, kisha funika juu kwa mto mwingine. Usifunguefungue. Nenda sokoni, nenda kibaruani. Kwa muda wa saa nne hivi yataendelea kuiva bila moto wowote, kwa sababu joto lililomo halina pa kutokea. Sufuria iwe imejaa kiasi. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa upesi.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Zile dakika za kuchemka kwa nguvu zisirukwe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na sumu hiyo huondolewa na mchemko wa kweli. Joto la uvuguvugu haliiwezi. Na ukitoa sufuria kapuni, irudishe motoni ichemke tena unapounga, kabla ya watoto kula.

Makaa yaliyobaki jikoni chemshia chai au maji ya kuoga. Yakizidi, yafunike kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje ya nyumba, yazimike kwa kukosa hewa. Kesho yatawaka tena. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama mvua inanyesha, hata kama moto unaonekana umekwisha. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini.

Mwenye uwezo kidogo, jiko lake la bati tupu likichakaa, anunue lenye udongo ndani. Majiko hayo yalianza kusambaa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo la umbo lake likiwa limetoka Thailand. Udongo unazuia joto lisipotelee ubavuni. Na mwenye umeme aangalie lile jiko la presha la umeme. Wengi wanaliogopa kwa sababu ya Luku, lakini sufuria ya maharage humo huiva kwa chini ya uniti 1, maana likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe.

Akina baba, msinitazame kana kwamba haya ni ya akina mama. Fedha ya mkaa inatoka mfukoni mwa nani? Na kulishona kapu hakuhitaji kuwa mwanamke.

Maganda nitayapitia haraka. Maganda ya ndizi, ya viazi na mabaki ya mchicha yasichanganywe na taka kavu. Yaweke kwenye kiroba na udongo kidogo na majani makavu, yageuze mara mojamoja, yatakupa mboji ya kuotesha matembele mlangoni. Gari la taka likichelewa, nyumba yako haitanuka.

Na mifuko. Juni 1, 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na barabara zetu zilibadilika, kila mmoja aliona. Lakini hii mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, mingi yake ni plastiki ileile iliyotengenezwa kwa nyuzi. Ukichukua mpya kila uendapo dukani, hatujasogea. Utumie mpaka uchanike, au beba kikapu.

La mwisho ni ombi kwa vikundi vya upatu vilivyomo humu. Zamu ya mtu ikifika, mnampa fedha, na fedha inaingia kwenye shida za siku ileile. Kubalianeni mzunguko mmoja tu, kila zamu itoke jiko: jiko la udongo kwa asiye na umeme, la presha kwa aliye nao. Mkinunua pamoja mnaweza hata kuomba bei ya jumla. Mwenyekiti, nadhani vikundi vitatu vimekaa pale mbele. Ningependa tuanze maswali na wao, watuambie mzunguko wao unaanza lini.