Seli Chache, Aina Nyingi

Ndugu zangu, vitabu vya zamani vingetuambia kwamba gamba la ubongo wa panya lina seli za neva za makundi mawili: zinazochochea, nyingi zikiwa na umbo la piramidi, na zinazozuia. Za kuchochea ni kama asilimia 80 au zaidi. Leo nataka tukae na zile chache zinazozuia.

Chukueni seli moja ya piramidi ya tabaka la tano la gamba hilo. Mwili wake uko chini, na tawi lake kuu linapanda mpaka tabaka la kwanza, karibu na uso wa ubongo, ambako linachanua vitawi vingi. Sasa tazameni inavyoshikwa na seli za kuzuia. Seli za kapu huuzunguka mwili wake. Seli za Martinotti huupita mwili. Hupandisha aksoni zake, yaani nyuzi zinazopeleka ishara, hadi tabaka la kwanza na kuvibana vile vitawi vya juu, vinavyopokea habari kutoka maeneo ya mbali. Seli za kinara hugusa mahali pamoja tu: mwanzo wa aksoni, pale pale msukumo wa umeme unapoanzia. Miisho ya seli hizi za kinara husimama wima kwa safu, kama mishumaa. Na zile zenye VIP, aina ya peptidi (protini fupi), kazi yao kubwa ni kuzuia wazuiaji wenzao, hasa zenye peptidi nyingine iitwayo somatostatini, na hapo piramidi huachiwa nafasi.

Ndiyo maana, tunapozipanga seli kwa aina, siridhiki mtu anaponiletea orodha ya jeni zinazotumika ndani yake peke yake. Niambie pia aksoni inaishia wapi.

Lakini jeni zimetufunza jambo kubwa. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Allen, Seattle, walichapisha uchambuzi wa RNA (nakala za jeni zinazotumika) wa seli 23,822 kutoka maeneo mawili ya gamba la panya, la kuona na la kupanga mwendo. Walipata aina 61 za seli za kuzuia na 56 za kuchochea. Wachache wamewazidi wengi kwa aina! Tena, aina za kuzuia karibu zote zilikuwa zilezile katika maeneo yote mawili, ilhali za kuchochea nyingi zilitofautiana. Kumbukeni zinakozaliwa: za kuchochea huzaliwa chini ya eneo zitakalokaa, lakini za kuzuia huzaliwa nje ya gamba, sehemu ya chini ya ubongo wa kijusi, kisha husafiri na kutawanyika kote.