Kumwangalia Mtu Machoni

IDI: Karibuni tena jamani. Mimi ni Idi, na huyu ni dada Salma, ambaye leo ameingia humu amekunja uso.

SALMA: Sijakunja uso, sijalala tu. Jana usiku nilikuwa naangalia tamthilia, mhusika mkuu ana usonji, ile autism, lakini anayemwigiza hana. Nikazima katikati.

IDI: Hapo ndipo tunapogombana kila siku. Kuigiza si ndiyo kuwa usichokuwa? Anayeigiza mwizi hatumuulizi ameiba wapi.

SALMA: Sawa, kaka, tuache haki kwanza, tuzungumzie ubora wa kazi. Mdogo wangu, nimeshamtaja humu, ana usonji. Akifurahi anasugua ile lebo ya kwenye kola ya shati kwa kidole gumba, polepole, huku anatazama pembeni. Usipomzoea huoni kitu. Sasa yule wa jana akifurahi anapunga mikono, akiogopa anapunga mikono, na kwa mpigo uleule.

IDI: Lakini wapo wanaopunga.

SALMA: Wapo wengi. Ila mpigo wa furaha haufanani na wa hofu, mama yeyote atakwambia. Huyu wa jana kajifunza kwa mwigizaji mwenzake. Rudi nyuma mpaka filamu ya Rain Man, 1988. Dustin Hoffman aliigiza mtu mwenye usonji, akapata Oscar, na kazi aliifanya, alikutana na watu wenye usonji, simnyimi haki yake. Lakini Kim Peek, yule bwana mwenye kumbukumbu ya ajabu aliyempa mwandishi wazo la filamu, baadaye wataalamu wakaona hali yake ilikuwa nyingine, si usonji.

IDI: Subiri. Yaani ule mfano wenyewe...

SALMA: Ndiyo hivyo. Halafu waliofuata wakamwiga Hoffman. Sauti isiyopanda wala kushuka, akili ya kupiga hesabu kama mashine. Nakala ya nakala. Kitanda usichokilalia...

IDI: ...hujui kunguni wake. Nilijua tu utaileta! Haya, ila mwenye fedha anataka jina kubwa kwenye bango. Na waongozaji wanasema wamewatafuta wenye usonji, hawakupatikana.

SALMA: Wanatafutwaje? Wewe si uliwahi kwenda usaili wa waigizaji?

IDI: Mara moja, na sikupata. Chumba kina mataa, watu watatu wamekaa mezani. Dakika mbili za mwanzo ni stori tu, umekujaje, hali ya hewa ikoje. Halafu mmoja akaniambia, "Unapoongea, niangalie machoni."

SALMA: Rudia hiyo ya mwisho.

IDI: Niangalie machoni... Aisee.

SALMA: Mwenye usonji anaangushwa pale kwa kutomwangalia mtu machoni. Anachukuliwa mwingine, halafu analipiwa mwalimu wa kumfundisha asimwangalie mtu machoni!

IDI: Hiyo sikuwahi kuiwaza, nakiri.

SALMA: Chukua filamu ya mwanamuziki Sia, inaitwa Music, ya 2021. Uhusika wa msichana mwenye usonji alimpa Maddie Ziegler, ambaye hana usonji. Watu walipolalamika, Sia akasema alijaribu na msichana mwenye usonji, akaona kazi inamlemea. Huenda ni kweli. Lakini ikimlemea unabadilisha nini, mtu au seti, yaani mazingira ya kupigia filamu? Na ndani ya filamu ileile kuna pale msichana anakandamizwa chini, mtu yuko juu yake, ili atulie, kitu ambacho kimewahi kuua watu. Akaja kuomba radhi.

IDI: Mwenye usonji angekuwepo kwenye seti, angesema "hapana" siku ileile.

SALMA: Sasa linganisha na Loop ya studio ya Pixar, 2020. Filamu fupi ya katuni, msichana asiyeongea na mvulana kwenye mtumbwi. Sauti anazotoa msichana ni za Madison Bandy, naye ana usonji na haongei. Hawakumpeleka studio. Vinasa sauti vilimfuata nyumbani kwake.

IDI: Kwa hiyo inawezekana.

SALMA: Inawezekana! Chloé Hayden kwenye tamthilia ya Heartbreak High, 2022, ana usonji na anaigiza Quinni mwenye usonji, na alishirikiana na waandishi kumjenga. Na hili la kwamba hawawezi kuigiza linanichekesha. Wengi wao wanaigiza tangu asubuhi, wanajilazimisha kutabasamu mahali pa kutabasamu ili wasikodolewe macho. Mdogo wangu akirudi nyumbani anajifungia chumbani saa nzima, hoi.

IDI: Bado sitasema iwe mwiko kwa kila mwigizaji.

SALMA: Sijasema mwiko. Nimesema usaili ubadilishwe kwanza, halafu tuone nani anabaki bora.

IDI: Mdogo wako aliiona hiyo Loop?

SALMA: Aliangalia kidogo tu, pale msichana anapopitisha mkono kwenye matete. Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tisa nikamwachia rimoti, nikaenda kupika.