Jinsi ya kumsoma mchezaji wa chesi mtandaoni: tunafungua akaunti ya kijana wa Kisauni

Assalaam alaykum, hamjambo nyote, karibuni. Niko hapa Mombasa, feni inazunguka nyuma yangu, na mkisikia mvumo mnivumilie, kwa joto hili siizimi. Leo tunamsoma mchezaji. Kijana mmoja wa Kisauni amenitumia akaunti yake ya Lichess, tovuti ya kuchezea chesi, akaniomba nimwambie ukweli: anachezaje, nguvu zake ni zipi, na kwa nini amekwama kwenye alama 1700 na kitu. Ruhusa amenipa, ila jina la akaunti nimelifunika hapo juu. Wewe nawe fungua akaunti yako, tufuatane. Ninachobofya kwake, bofya kwako.

Hizo alama 1700 kwanza. Lichess humwanzisha mgeni na 1500, kisha humpandisha na kumshusha kwa hesabu iitwayo Glicko-2. Chess.com ina hesabu yake na wachezaji wake, kwa hivyo alama za huku usizipeleke kule ukatambia watu. Alama hukuonyesha unalingana na nani. Unachezaje, hilo haliwezi kukwambia. Tuiweke kando.

Kazi ya kwanza, kuchagua michezo. Ingia kwenye orodha ya michezo yake, fungua sehemu ya kutafuta, weka michezo ya alama pekee, aina moja ya muda, na aliyoshindwa. Huyu hucheza sana dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kwa kila hatua, basi tunachukua hiyo. Ile ya dakika 1 iache, kule mshindi ni kidole. Ondoa pia ile ambayo mtandao ulikatika. Kijana wetu hucheza ndani ya matatu na kwenye foleni ya feri Likoni, na kuna mahali bando limemwisha katikati ya shambulizi la kupendeza. Inauma, lakini haina la kutufunza. Na kwa nini aliyoshindwa? Kwa sababu kila anayeniletea michezo yake hunichagulia ule aliotoa malkia kafara akashinda. Mzuri, hongera. Mimi nataka ule ulioufunga upesi ukaenda kunywa maji.

Kazi ya pili, tazama ukiwa na macho yako tu. Zima Stockfish, ile injini, yaani programu inayochambua hatua. Pitisha mchezo mmoja baada ya mwingine kwa kasi ya kawaida, na kila unapoona mambo yamegeuka andika namba ya hatua kwenye karatasi. Ukiwasha injini mapema utaanza kusoma mistari yake badala ya kumsoma mtu.

Sasa tuangalie ufunguzi. Kwenye ubao wa uchambuzi bofya alama ya kitabu, chagua sehemu ya mchezaji, andika jina la akaunti. Itakuonyesha anaanza vipi na anapata nini kila njia. Akiwa mweupe, huyu ni askari e4, farasi f3, askofu c4 (herufi ni mstari wa wima wa ubao, namba ni safu), ufunguzi uitwao mchezo wa Kiitaliano. Mweusi akimtoa farasi f6, basi farasi mweupe anaruka g5 bila kuuliza, anailenga f7. Mweusi anasukuma d5, mweupe anakula. Simamisha video hapa uutazame ubao.

Mweusi akila d5 kwa farasi, kijana wetu yuko nyumbani kwake: farasi anakula f7, mfalme analazimika kumla, malkia anatoka f3 na cheki, na mfalme mweusi anatembezwa katikati ya ubao kama mgeni aliyepotea njia Mji wa Kale. Hapa anapiga vizuri sana, na anazijua hatua zake kwa kina. Lakini wapinzani wa alama 1700 wameshajifunza. Hawamli yule askari wa d5. Wanampeleka farasi wao wa c6 kwenye a5, wanamgusa askofu. Askofu anapiga cheki b5, mweusi anaziba kwa askari c6, mweupe anakula, mweusi anakula kwa askari wa b. Sasa askofu mweupe arudi, halafu askari mweusi h6 anamfukuza farasi wa g5, halafu askari mweusi e4 anamfukuza tena. Mweupe ana askari mmoja zaidi, mweusi ana kasi, na kete zake zinatoka upesi. Injini inasema ni karibu sawa. Kijana wetu anaona vingine: anaona anaonewa. Badala ya kurudi nyuma na kuushika ule askari wake wa ziada, anasukuma g4, anasukuma h4, mfalme hajajificha, na ndani ya hatua kumi nyumba imeungua.

Ungeishia hapa ungesema: huyu ni mshambuliaji asiyejua kujilinda, akafanye mazoezi ya ulinzi. Wengi huishia hapa. Tuendelee, kwa sababu saa inasema jambo jingine.

Kazi ya nne (ya tatu ilikuwa ufunguzi, sikuitaja namba). Shuka chini ya ubao, bofya sehemu ya muda wa hatua. Kila mstari ni hatua moja, mrefu ni kufikiri, mfupi ni haraka. Watu hutazama mistari mirefu. Nyinyi tazameni ile mifupi. Hizi fupi kabisa, chini ya sekunde, ni za nini? Nikiibofya moja moja: anakula. Anakula. Anakula. Mpinzani akila kete yake, anamla papo hapo. Mpinzani akimwekea kete ya kubadilishana, anaila papo hapo.

Nikamuuliza chesi aliianzia wapi. Akacheka, akasema kabla ya chesi alikuwa barazani na wazee, drafti ya vifuniko vya soda. Basi mambo yakanikaa. Katika drafti, kwa kawaida kula ni lazima. Ukiona cha kuliwa unakula, na usipokula wazee watakupigia kelele. Mkono wake umelelewa hivyo. Kwenye chesi hakuna anayekulazimisha, unaweza kuiacha kete palepale ukafanya jambo lako, lakini mkono haujapata habari.

Nawaonyesha hatua moja tu, maana humo ndimo mchezo wote ulimo. Mstari wa d uko wazi, hauna askari. Malkia mweupe yuko d1, malkia mweusi d8, wanatazamana. Ngome zao ziko f1 na f8. Zamu ni ya mweupe. Kijana anakula d8, chini ya sekunde. Mweusi anakula kwa ngome, na ngome hiyo sasa imekaa kwenye mstari ulio wazi bila kutumia hatua yoyote. Angetulia, akafanya hatua nyingine ya maana, mweusi ndiye angelazimika kuamua. Akila d1, ngome ya f1 inakula na mstari ni wa mweupe. Mstari uleule, malkia walewale, tofauti ni nani aliyeanza kula. Na oneni kichekesho chake: huyu ni mtu wa mashambulizi, kete yake anayoipenda ni malkia, naye ndiye amemtoa ubaoni kwa mkono wake.

Baada ya hapo mweusi anaingiza ngome safu ya pili, anachukua askari, na tunafika mwisho wa mchezo. Mfalme mweupe e1, ngome yake a3. Mweusi mfalme d4, askari e4, ngome h2. Mweupe ana askari mmoja pungufu, na mchezo ni sare. Sare iliyo wazi kabisa, iliyoelezwa na Mfaransa Philidor karne ya 18. Kazi yako ni kutembeza ngome kwenye safu ya tatu, a3, b3, a3, ili mfalme mweusi asishuke. Akichoka akasukuma askari e3, hapo mfalme wake hana tena pa kujisitiri mbele ya askari, nawe unapeleka ngome a8 na kuanza kumpiga cheki kutoka nyuma. Basi.

Kijana akapeleka ngome a8 mapema, askari angali e4. Mfalme mweusi akashuka e3 na kutishia chekimeti h1. Sare bado ilikuwepo, ila saa yake ilibaki sekunde chache. Akasita, muda ukamwisha.

Sasa ndipo washa Stockfish uombe uchambuzi kamili. Alama za kosa kubwa zitatokea mwishoni, kwenye a8 na zinazofuata. Kule d8 haikuweka alama nzito, kwa sababu kupungua kwake kulikuwa kidogo. Injini hupima hatua, haijui tabia. Kosa dogo linalorudiwa katika kila mchezo ni ghali kuliko boko la mara moja, na hilo ni wewe wa kuliona. Ile asilimia ya usahihi ipite tu.

Mtindo wake tuuiteje? Mwenyewe ananiambia yeye ni Tal, bingwa wa dunia wa 1960, mtu wa kafara. Kwa macho, ndiyo, anaona njia za kumfikia mfalme ambazo wenzake wa alama zile hawazioni, na hilo si jambo la kufundishwa upesi. Pia haogopi: akipoteza kete anaendelea kutafuta, na michezo kadhaa ameikomboa hivyo. Akiwa mweusi na Sisilia yake, ule ufunguzi wa kujibu e4 kwa askari c5, ni mzima zaidi, kwa sababu nafasi zenyewe zinamlazimu kusubiri. Lakini Tal alijua kuziacha kete mbili zikitazamana zaidi ya hatua moja. Kijana wetu hawezi kuvumilia hali hiyo, mpaka azile ndipo apumue. Kwa hivyo mimi namwita mshambuliaji mwenye haraka ya kubadilishana, na hivyo viwili havipatani.

Dawa yake basi. Sitamwambia aache farasi g5. Aendelee nayo, ajifunze tu njia ya a5, mpaka kurudi nyuma na askari wa ziada kusimtie kichefuchefu. Muda abadilishe: dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5, kwa mwezi mmoja hivi, na asicheze kwenye matatu. Kila anapotaka kula aondoe mkono kwenye simu, ajiulize nisipokula itakuwaje, na ni nani atakayefaidi mstari. Nimemwambia aweke simu mezani na kuchezea kwa mkono wa kushoto. Mnacheka, lakini inampunguzia kasi.

Na mwisho wa mchezo wa ngome. Capablanca, bingwa kutoka Kuba, alisisitiza watu waanze kujifunza chesi kutoka mwisho, na kwa mtu huyu ningetii neno kwa neno. Fungua kihariri cha ubao, panga hivi: mweupe mfalme e1, ngome a3, mweusi mfalme d4, askari e4, ngome h2. Zamu ya mweupe. Bofya uendelee kutoka hapo, cheza na kompyuta, chagua Stockfish ya kiwango cha 8. Shikilia safu ya tatu. Hatua 50 kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogea, dai sare yako. Ukishaipata, geuza ubao ukamate mweusi, uone ni hatua gani ya mweupe ungetamani aikosee.