Sketi Inayofuata Mguu

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba nimeombwa niseme kwa Kiswahili. Hapa Kampala baleti huzungumzwa kwa Kiingereza, na wengi wanaona haiwahusu.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona magomesi, yale mavazi marefu ya akina mama wa Uganda, miaka mingi kabla ya kushika tutu, yaani sketi ya neti ya mchezaji wa baleti, kwa hiyo naanzia kwenye gomesi. Akina mama mnajua kwamba gomesi halikai lenyewe. Ndani yake kuna kikoyi kilichofungwa ili nyonga zijae na kitambaa kisimgande mvaaji. Mgeni anaona hariri na mshipi, fundi anaona kikoyi. Tutu nayo inataka jicho hilo hilo: tazama kwanza kilichofichwa, kisha utazame mguu, kwa sababu sketi hii imekuwa ikiufuata mguu tangu mwanzo.

Mwaka 1832, huko Paris, mchezaji Marie Taglioni alicheza baleti ya La Sylphide akiwa amevaa sketi nyeupe, nyepesi, yenye umbo la kengele, inayoishia kati ya goti na kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo tutu ya kiromantiki. Alikuwa anasimama juu ya ncha za vidole, na watu walipaswa kuviona vidole hivyo. Akiruka, sketi inachelewa kushuka. Mwili umeshatua na kitambaa bado kiko hewani, ndiyo maana mtazamaji anaamini ameona kiumbe kisicho na uzito. Ukikutana na baleti ya Giselle, ya mwaka 1841, utaiona sketi hiyo hiyo kwenye kundi zima la mizimu ya wasichana.

Wepesi huo ulikuwa na gharama, na hapa naomba mnivumilie. Majukwaa ya wakati ule yalimulikwa kwa taa za gesi zenye moto wazi. Emma Livry alikuwa mwanafunzi wa Taglioni. Kulikuwa na dawa ya kukifanya kitambaa kisishike moto haraka, lakini ilikifanya kigumu na kukiharibu rangi, naye akaikataa. Mwezi Novemba 1862, kwenye mazoezi, sketi yake ikagusa moto. Aliishi miezi minane na majeraha yale, akafariki mwaka 1863, akiwa bado msichana. Kila nikikata neti namkumbuka. Wanaosema tutu ni pambo tu hawajui tunazungumzia nini.

Baadaye wachezaji wa Kiitaliano waliofika Urusi walileta mizunguko migumu. Mwaka 1895 Pierina Legnani alizunguka mara 32 kwa mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake. Kazi kama hiyo ukiifunika kwa sketi ndefu umemdhulumu mchezaji. Kwa hiyo sketi ilipanda juu ya goti. Ile fupi inayoinama kidogo huitwa tutu ya kengele, ndiyo mnayoiona kwenye picha za mchoraji Degas. Ile iliyonyooka kama sahani, mguu wote ukiwa wazi hadi nyongani, inashikiliwa na waya uliopitishwa katikati ya matabaka ya neti. Halafu mwaka 1950, New York, fundi wa mavazi Barbara Karinska aliuondoa ule waya katika mavazi ya baleti ya Symphony in C, kwa sababu wachezaji wakijaa jukwaani sahani hugongana na kuyumba. Yake ni fupi, laini, inajaa kama pamba. Mimi binafsi ndiyo niipendayo kuliko zote.

Tutu haishonwi kwenye mkanda kama sketi ya shule. Neti inashonwa juu ya chupi, tabaka baada ya tabaka, kumi au zaidi, fupi kabisa karibu na paja na ndefu kabisa juu. Kisha unayapigia bandi yote pamoja kwa uzi uliolegea. Tutu yangu ya kwanza niliikaza uzi huo. Binti alipozunguka, sketi yote iliganda kama kifuniko cha sufuria. Nikakesha usiku nikifumua.

Na baleti yenyewe hapa Kampala utaipata wapi? Msianze kwa kutafuta jumba kubwa lenye mapazia mekundu. Ukumbi wa Taifa tunao tangu 1959, na nawasihi mwende, lakini baleti ya mji huu inaishi zaidi madarasani: vyumba vya kukodi, shule za kimataifa, Jumamosi asubuhi, watoto wameshika fito za ukutani. Piga hodi, omba kukaa pembeni, utazame miguu. Neti tunaipata kwenye maduka ya vitambaa vya harusi, ile ile ya shela. Kazi ikiisha, usiipakie sahani kwenye boda mawingu yakiwa yametanda. Mimi nilinyeshewa njiani kutoka Wandegeya, neti ikalala kama kuku aliyelowa, na onyesho lilikuwa jioni ile.

Kisha jioni nyingine nendeni kituo cha ngoma cha Ndere, Ntinda, mkaangalie baakisimba, ngoma ya Waganda. Ile ngozi yenye manyoya marefu inayofungwa kiunoni inafanya kazi ya neti: kiuno kikitikisika kidogo, manyoya yanaukuza mtikisiko hadi aliyekaa nyuma kabisa auone. Baleti inaonyesha mguu, baakisimba inaonyesha kiuno, na mafundi wa pande zote mbili wamekuwa wakijibu swali moja. Binti wa Kampala aliyekulia kwenye ngoma hii haingii darasa la baleti mikono mitupu. Nimewapima wengi, na wanajua viuno vyao viko wapi kuliko wanavyotarajia walimu wao.

Nimekuja na moja, ya sahani. Itapita mstari kwa mstari. Ishikeni kwenye bodisi, si kwenye neti, na mkimaliza iwekeni kichwa chini, miguu juu. Hivyo ndivyo inavyohifadhiwa, ili matabaka yasizoee kulala.